Joho la Paulo: ni neno la Mungu au ni la Paulo mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wa masomo parokiani kwetu hapa Tanga. Tarehe 18 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, nimepangiwa somo la kwanza, 2 Timotheo 4. Jioni moja nilikuwa nalifanyia mazoezi kibarazani, na jirani yangu Mwislamu, ambaye tumekua pamoja, akanisikia nikisoma: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Akaniuliza kwa upole tu: "Hayo Mungu ndiye kayasema, au ni Paulo anaagiza nguo yake?" Nikakosa jibu. Shangazi yangu, ambaye ameokoka, anasema Mungu alitamka kila neno na Paulo akaandika, kwa hiyo nisihoji. Kaka yangu aliyeko chuo kikuu anasema Biblia waliiandika watu kama vitabu vingine, basi. Mimi nikimaliza kusoma natakiwa kusema "Neno la Bwana". Nitayasemaje nikiwa na amani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usione haya kwamba ulikosa jibu. Swali la jirani yako lina umri wa zaidi ya miaka 1600, na lilianza na joho hilohilo.

Katika miaka ya 380 Mtakatifu Jeromu alikuwa Betlehemu akiandika maelezo ya Waraka kwa Filemoni. Alipoanza tu alikuta hoja ya watu waliotaka waraka ule uachwe. Walisema karatasi fupi kama ile, yenye habari za mtumwa mmoja na bwana wake, haiwezi kuwa imetoka kwa Roho. Walisema Paulo hakuwa akinena kwa Roho kila saa, na ushahidi wao ulikuwa mambo kama lile joho la Troa, na pale anapomwambia Filemoni amwekee tayari mahali pa kulala. Jeromu aliwakatalia. Hakuona kwamba mahitaji madogo ya mwili yanamfukuza Roho wa Mungu kutoka kwa mtu. Kwa hiyo ukirudi kibarazani unaweza kumwambia jirani yako kwamba Wakristo wenyewe walilianza swali lake kabla yake.

Sasa tuutazame mstari wenyewe, maana wengi huubishania bila kuusoma. Waraka unamwonyesha Paulo akiwa mfungwa, akijua kwamba siku zake zinakwisha. Demasi amemwacha, Kreske ameondoka, Tito ameondoka. "Luka peke yake yupo hapa pamoja nami," ndiyo maana somo hili likawekwa katika sikukuu ya Luka. Mistari michache mbele, katika mstari wa 21, anamwambia Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Baridi ikishaingia katika bahari ile ya Mediterania, vyombo vilikuwa havisafiri. Timotheo akichelewa, joho halitafika mpaka baridi ipite, na huenda mwenye joho asiwepo tena. Ni vazi zito la safari. Mzee anasikia baridi gerezani, na anataka vitabu vyake.

Nikuambie wazi kwamba wako wataalamu wengi wanaodhani waraka huu uliandikwa na mwanafunzi wa Paulo baada ya kifo chake, kwa kuwa lugha yake inatofautiana na ya nyaraka kama Warumi na Wagalatia. Wengine wanashika kwamba ni wa Paulo mwenyewe, na joho ni mojawapo ya hoja zao: nani angebuni kitu kidogo kama hicho? Mimi naielemea zaidi hoja hii ya pili, hasa kwa sura hii ya nne, lakini sitagombana na mtu kwa ajili yake, wala jibu langu kwako halisimami juu yake.

Jambo linalonigusa ni kwamba ukurasa mmoja tu kabla ya joho, katika waraka uleule, ndipo ulipo mstari ambao Wakristo wote huukimbilia wanapozungumzia uvuvio, yaani jinsi Mungu alivyohusika katika kuandikwa kwa Maandiko: "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Ni sura ya 3, mstari wa 16. Neno la Kigiriki ni theopneustos, neno moja lililoungwa kutoka maneno mawili, Mungu na pumzi. Na katika Kigiriki sentensi ile haina kitenzi. Inaweza kusomwa "kila andiko lina pumzi ya Mungu, tena lafaa", au "kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa". Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 waliweka mkato kila upande na kukuachia wewe msomaji uamue. Mimi nawashukuru kwa uaminifu wao. Lakini vyovyote utakavyoisoma, sentensi haikuambii pumzi ile ilipitaje kwa mwandishi. Haisemi alisikia sauti sikioni, wala haisemi akili yake ilizimwa. Hapo ndipo mitazamo ilipoanza kutengana.

Nianze na shangazi yako, kwa sababu sitaki umdharau. Anachokisema kinaitwa uvuvio wa imla: Mungu anatamka, mtu anaandika, kama mwanafunzi darasani. Mtazamo huo ni wa zamani. Karne ya pili Athenagora wa Athene aliandika kwamba Roho aliwatumia manabii kama mpiga zumari anavyopuliza zumari. Picha tamu. Zumari halijui wimbo, halichagui, halisahau. Lakini katika karne hiyohiyo alitokea Montano huko Frigia, akaivuta picha ya namna hiyo mpaka mwisho: mtu ni kinubi, Mungu ndiye kipigio, mtu amelala, Mungu yu macho. Kanisa lilipoona wafuasi wake wanavyotoa unabii kwa kupandwa na kupoteza fahamu, likakataa. Waalimu wa Kanisa wakasisitiza kwamba nabii wa kweli hunena akiwa na akili zake timamu, sawasawa na Paulo alivyowaandikia Wakorintho: "roho za manabii huwatii manabii." Wazo la imla halikufa, hata hivyo. Mwaka 1675 makanisa ya Kireformed ya Uswisi yalitunga ungamo lililodai kwamba hata nukta za irabu katika Agano la Kale la Kiebrania zimevuviwa. Na nukta hizo ziliongezwa na wanazuoni wa Kiyahudi karne nyingi baada ya Kristo! Ndiko unakofika ukiogopa kumwachia mwanadamu hata nukta moja.

Biblia yenyewe haiukubali mtazamo huo. Chukua kile kibao kilichowekwa juu ya msalaba. Kibao kilikuwa kimoja. Marko anasema kiliandikwa "Mfalme wa Wayahudi". Luka: "Huyu ndiye Mfalme wa Wayahudi". Mathayo: "Huyu ni Yesu, Mfalme wa Wayahudi". Yohane: "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi". Kama Mungu alikuwa akitoa imla, kwa nini alitamka kibao kimoja kwa namna nne? Lakini kama wanne wanashuhudia, kila mmoja kwa kumbukumbu yake na kwa kile alichopokea, hakuna la kushangaza. Ndivyo mashahidi walivyo.

Au soma 1 Wakorintho 1. Paulo anasema anashukuru kwamba hakumbatiza mtu Korintho isipokuwa Krispo na Gayo. Kisha anajirudi: aa, nilibatiza pia watu wa nyumba ya Stefana, zaidi ya hao, sijui kama nilimbatiza mwingine. Sijui! Mungu hasahau aliowabatiza. Anayesahau ni Paulo, na kusahau kwake kumebaki katika Andiko, hakuna aliyekufuta. Sura ya 7 anapambanua mwenyewe: hili silisemi mimi ila Bwana, hili nalisema mimi, wala si Bwana, na mwisho wa sura anasema anadhani yeye naye anayo Roho ya Mungu. Anadhani.

Na Luka, mwenye sikukuu yako. Fungua mistari minne ya kwanza ya Injili yake. Hasemi kwamba malaika alimjia. Anasema wengi wamekwisha kuandika, naye amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, akaona vema kumwandikia Theofilo kwa taratibu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeuliza watu na kusoma maandishi ya wenzake. Hata tabia zake zinaonekana. Marko anasema yule mwanamke aliyetokwa na damu aliteswa sana na matabibu wengi, akamaliza mali yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Waraka kwa Wakolosai unamwita tabibu mpendwa, anasema tu kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Kuzidi kuwa mbaya mikononi mwa matabibu hakukutaja. Huenda ninaona zaidi ya kilichopo, lakini kila ninapofika pale namwona mtu wa kazi fulani akiwastahi wenzake.

Hata hivyo shangazi analinda jambo lenye thamani, nalo ni kwamba tukianza kuchagua lipi la Mungu na lipi la mtu, mwishowe tutabakiza yale tunayoyapenda. Hofu hiyo ni ya haki. Na wasomi wa upande wake wanaoaminika hawafundishi imla. Tamko la Chicago la mwaka 1978, ambalo waliberali na wahafidhina wote wanalijua kama sauti ya walokole juu ya kutokosea kwa Biblia, linasema Mungu alitumia nafsi na mtindo wa kila mwandishi, na kwamba namna uvuvio ulivyofanyika imebaki kuwa fumbo kwetu kwa sehemu kubwa. Linasema pia kwamba uvuvio, kwa maana kamili, ni wa hati za kwanza zilizoandikwa na waandishi wenyewe. Hati hizo hatunazo hata moja. Tunazo nakala za nakala. Kwangu mimi huo ni udhaifu mkubwa wa hoja yao, kwa sababu unaweka ukamilifu wote katika kitu ambacho hakuna Mkristo aliye hai aliyekishika. Lakini ni hoja ya watu makini.

Kaka yako naye ana haki zaidi kuliko shangazi anavyotaka kukubali. Mwambie akuonyeshe Mwanzo katika Biblia yako ya Kiswahili. Sura ya 1 yote inasema "Mungu". Kuanzia 2:4 ghafla inakuwa "BWANA Mungu", na habari ya uumbaji inaanza upya kwa mpangilio mwingine. Aliyelifanyia kazi jambo hilo mwaka 1753 alikuwa tabibu Mfaransa, Jean Astruc, na hakuwa na nia ya kumwondoa Musa. Alitaka kumtetea. Alisema Musa alitumia kumbukumbu zilizoandikwa na waliomtangulia. Kutoka hapo wasomi wakaendelea mpaka kuona mikono mingi katika vitabu vitano vya mwanzo. Na Wayahudi walikuwa wameshaona dalili: Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao, inauliza nani aliandika mistari minane ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, inayosimulia kifo cha Musa. Mmoja anasema ni Yoshua. Mwingine anasema Mungu alisema na Musa akaandika kwa machozi. Jibu hili la pili nalipenda mno, ingawa nadhani la kwanza ndilo lililo karibu na kweli.

Kisha kuna Mithali. Kuanzia 22:17 utakuta mashauri ya kutomnyang'anya maskini kwa kuwa ni maskini, na ya kutoondoa alama ya mpaka wa kale. Mafunzo ya mwenye hekima wa Misri aitwaye Amenemope, yaliyotangazwa kwa ulimwengu katika miaka ya 1920, yana mashauri hayohayo yakifuatana kwa karibu sana, na maandishi yale ya Misri ni ya kale zaidi. Mwandishi wa Mithali alichukua hekima ya jirani akaileta mbele za BWANA. Soma pia habari ya Daudi kuwahesabu watu. Katika 2 Samweli 24 ni hasira ya BWANA iliyomtia Daudi nia ile. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21, kilichoandikwa baadaye, ni Shetani aliyemshawishi. Mwandishi wa pili aliona ugumu wa kusema Mungu alimsukuma mtu kisha akamwadhibu, akalisema upya. Hapo watu wanafikiri, wanahangaika, wanasahihishana mbele ya macho yako.

Na Zaburi ya 137, inayoanza kando ya mito ya Babeli kwa kilio kinachovunja moyo, inamalizika kwa kumwita heri atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwaseta mwambani. Sitakuambia kwamba Mungu anapenda hayo. Ni mtu aliyeona watoto wake wakifanyiwa hivyo, na maumivu yake yameachwa ndani ya kitabu cha sala bila kupakwa rangi.

Basi kaka yako ana ushahidi kwamba waliandika watu. Ushahidi huo ni mwingi, nami naufundisha bila woga. Asilokuwa na ushahidi nalo ni lile neno lake la mwisho, "basi". Ukichunguza kalamu, wino na ngozi utapata aliyeshika kalamu. Kama kuna aliyekuwa akimwendea mwandishi kutoka ndani, vipimo vile havikutengenezwa kumwona, wala kuthibitisha kwamba hayupo. Neno "basi" ni imani yake, na ana uhuru nayo, lakini asiliuze kama tokeo la utafiti.

Sasa jirani yako. Huyu ndiye ninayetamani umjibu vizuri kuliko wote, kwa sababu aliuliza kwa nia njema, na kwa sababu hapa kwetu pwani Wakristo tumeharibu mazungumzo haya mara nyingi kwenye mihadhara. Kwa Mwislamu, Qurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu yenyewe, yaliyoteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa muda wa miaka ipatayo 23, kwa Kiarabu, herufi kwa herufi. Mtume ni mwenye kufikisha, si mtunzi. Ndiyo maana tafsiri, hata ile inayoheshimiwa sana ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, haihesabiwi kuwa Qurani yenyewe. Mtu aliyelelewa na imani hiyo akisikia "niletee joho", lazima aulize. Kwa kipimo chake, maneno yale ni ya mtu, na yamekaa mahali pasipo pake.

Kosa letu ni kukipokea kipimo kile kama chetu. Tunasimama jukwaani tukidai Biblia nayo ilishushwa hivyohivyo, kisha tunalazimika kueleza joho, kibao cha msalaba, na usahaulifu wa Paulo, na kila jibu linakuwa la kujipindapinda. Hakuna Mkristo wa kale aliyedai kwamba Injili ya Luka ilishushwa kutoka mbinguni. Luka mwenyewe hadai. Kwa imani ya Kiislamu Injili ni kitabu alichopewa Nabii Isa. Sisi tuna Injili nne zilizoandikwa na wengine kumhusu Yesu. Na kile ambacho kwa Mwislamu kinashikwa na Qurani, yaani Neno la Mungu la milele lililokuja duniani, kwetu hakishikwi na kitabu. Kinashikwa na Yesu. "Naye Neno alifanyika mwili." Biblia ni ushuhuda juu yake. Usimlinganishe jirani yako kitabu kwa kitabu, maana mtakuwa mnapima kitambaa kwa kibaba.

Ukipenda kumpa mfano kutoka kwao, muulize kuhusu hadithi qudsi. Kwa maelezo ya wanazuoni wengi wa Kiislamu, humo maana ni ya Mwenyezi Mungu na matamko ni ya Mtume. Uvuvio wa Biblia si kitu kilekile, na usimwambie kwamba ni kilekile. Lakini ataona kwamba hata kwao iko nafasi ya neno linalotoka kwa Mungu likavaa lugha ya mtu. Na wanazuoni wao nao walihangaika juu ya mahali maneno ya Mungu yanapokutana na ulimi na wino: mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji maulamaa kama Qurani imeumbwa au la, na Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa mijeledi kwa kukataa kusema imeumbwa. Mtu hapigwi mijeledi kwa swali jepesi.

Kanisa letu lenyewe halikufika kirahisi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alisema Mungu ni mwandishi mkuu na mwanadamu ni chombo, lakini chombo chenye uhai kinachofanya kazi kwa namna yake. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870 ulikataa mawazo mawili: kwamba watu waliandika vitabu vyao kwanza kisha Kanisa likavipiga muhuri, na kwamba ni vitakatifu kwa sababu tu havina kosa. Ukasema ni vitakatifu kwa kuwa viliandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu na Mungu ndiye mtungaji wake.

Kisha joho likarudi. Mwaka 1884 Kardinali John Henry Newman, ambaye sasa ni Mtakatifu, aliandika makala akiuliza kama ndani ya Maandiko hamna maneno ya kupita tu, yasiyomfunga mwamini kama mambo ya imani. Mifano yake? Mbwa wa Tobia anayetajwa katika kitabu cha Tobiti, salamu za mwisho wa nyaraka, na joho la Paulo. Newman alitaka kuwapunguzia wasomi Wakatoliki mzigo. Mwaka 1893 Papa Leo XIII akafunga mlango ule: uvuvio hauwezi kugawanywa, kipande hiki kiwe nao na kile kisiwe nao. Nampenda Newman, lakini hapa naona Papa alishika jambo la msingi. Ukianza kukata, joho litakuwa la kwanza kutoka, kisha mtumwa wa Filemoni atafuata, kama wale watu wa zama za Jeromu walivyotaka.

Mwaka 1943 Papa Pius XII akawahimiza wasomi wachunguze namna za uandishi za watu wa kale bila hofu. Na katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Oktoba 1964, Kardinali Franz König wa Vienna alisimama ukumbini akawasomea maaskofu mifano ya mahali ambapo Biblia haikubaliani na historia. Mmoja ni Mathayo 27:9, panapotajwa unabii wa vipande thelathini vya fedha kuwa wa Yeremia, na ukiutafuta unaukuta katika Zekaria 11. Augustino alikuwa ameshakutana nao miaka 1500 kabla yake. Alisema huenda jina la Yeremia lilimjia Mathayo akilini badala ya Zekaria, na Roho akaliacha libaki kwa sababu yake. Mimi nadhani hivyo, kwa lugha iliyo wazi zaidi: Mathayo alikumbuka jina silo. Wako Wakatoliki wenzangu wanaoeleza kwamba aliunganisha manabii wawili akamtaja aliye mkubwa, na maelezo yao yana uzito.

Baada ya mabishano hayo, hati ya Neno la Mungu ya Novemba 1965, Dei Verbum, ilisema mambo ambayo ningependa uyaweke karibu. Mungu aliwachagua watu akawatumia huku wao wakitumia akili na nguvu zao, wakaandika kama watungaji wa kweli yale yote aliyoyataka, na hayo tu. Vitabu hivi vinafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Na maneno ya Mungu yaliyosemwa kwa lugha za watu yalifanana na usemi wa watu, kama vile Neno la milele lilipotwaa mwili wetu dhaifu akafanana na watu. Sentensi hii ya tatu ndiyo jibu langu lote. Tunasema Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, na hatutafuti kidole gani ni cha Mungu na kipi ni cha mtu. Aliona njaa, alichoka, alilala chomboni. Kama hatumwonei haya Mungu aliyelala kwa uchovu, kwa nini tuone haya Andiko lake linaposikia baridi?

Waraka wa pili wa Petro unasema wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu "wakiongozwa na Roho Mtakatifu". Kitenzi chake cha Kigiriki ni kilekile kilicho katika Matendo 27, merikebu ya Paulo ilipochukuliwa na upepo. Wewe unaishi pwani, unajua. Upepo ndio unaokipeleka chombo, lakini hauzimi kazi ya baharia, na jahazi haligeuki ngalawa kwa kuwa limepata upepo.

Kwa hiyo mwambie jirani yako: ndiyo, ni Paulo, na anaagiza joho lake kwa sababu baridi inakuja. Mwambie kwamba sisi tunaamini Mungu aliyataka maneno hayo yawemo, pamoja na huyo mzee, baridi yake na hamu yake ya vitabu. Akikuambia kwamba haoni hivyo, mkaribishe chai. Hamtaacha kuwa majirani.

Na tarehe 18, usiupitie mstari wa 13 mbio kama mtu anayeficha kitu. Watu husoma hivyo, najua, mpaka "Karpo" na "Troa" hazisikiki. Tua kidogo baada ya "Luka peke yake yupo hapa pamoja nami", wakumbuke wazee wa parokia wanaokaa peke yao, kisha soma ombi la joho kwa sauti ambayo ungeitumia kusoma barua ya babu yako. Endelea mpaka pale anaposema wote walimwacha lakini Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Halafu nyanyua uso na useme, "Neno la Bwana."